Tano au Tisa: Wasifu wa Marehemu Lester Absalom Cluett, 1943–2018

Ndugu, jamaa na majirani wa Hannock's Arm,

Najua mnajiuliza. Wasifu wa Lester Cluett unasomwa na Dorcas, binti wa Hedley, yaani binti wa mdogo wake ambaye hakusemezana naye miaka kumi na saba. Marehemu alinichagua mwenyewe. Aliagiza pia kwamba programu zenu mpewe mlangoni mkitoka, asije mtu akaruka hadi ukurasa wa mwisho wakati mimi bado niko kwenye kuzaliwa. Mlimjua alivyokuwa. Nitasoma kama alivyotaka, kwa mpangilio, bila kuruka kitu.

Lester Absalom Cluett alizaliwa hapa Hannock's Arm, Jumapili tarehe 14 Machi 1943, katika nyumba ya manjano iliyo juu ya gati. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Absalom na Selina Cluett. Hedley, baba yangu, alifuata mwaka 1947, na baada yake hawakuzaliwa wengine. Ndugu hao wawili walilala kitanda kimoja hadi Lester alipopata kazi. Bibi yetu Selina alikuwa akipika bia ya molasi na vichipukizi vya msonobari katika sufuria kubwa, akiikoroga kwa mwiko wa mbao mrefu karibu kama kasia. Watoto walikatazwa kunywa, lakini mwiko waliachiwa walambe, Lester upande mmoja, Hedley upande wa pili.

Alianza masomo Septemba 1949 katika shule ya kanisa, ile ya chumba kimoja, chini ya Bibi Beulah Stuckless. Akiwa na miaka tisa alinyosha mkono akasema rula ya mwalimu ni fupi. Bibi Stuckless alimchapa viganja kwa rula hiyo hiyo. Kesho yake Lester alikuja na futi ya useremala ya baba yake, akaiweka mezani sambamba na rula. Ncha ya rula ilikuwa imeungua zamani kwenye jiko, na mtu alikuwa ameisugua ikalainika. Ilipungua robo inchi. Bibi Stuckless alimwomba radhi mbele ya darasa zima, akampa tufaha. Baba yangu anasema siku ile Lester alirudi nyumbani kwa hatua za askari, na tufaha hakulila mpaka lilipooza. Tangu hapo alikuwa mtu wa kushuku. Hatumlaumu. Alikuwa na miaka tisa, alishuku, na ikawa kweli.

Mwaka 1959 aliajiriwa kiwanda cha samaki, kubeba makreti. Mwaka 1963 akapewa mizani, akakaa nayo miaka ishirini na tisa, hadi uvuvi wa chewa ulipopigwa marufuku mwaka 1992 na kiwanda kikafungwa. Kila asubuhi, kabla ya kupima samaki wa mtu yeyote, aliipima mizani yenyewe kwa jiwe la chuma alilolibeba ndani ya kopo la chakula, kati ya mkate na chupa ya chai. Wavuvi wa ghuba tatu walipanga foleni kwake hata pale mizani nyingine ilipokuwa wazi. Meneja aliwahi kumwambia, "Lester, wewe humwamini mtu." Akajibu, "Samaki namwamini, bwana. Keshakufa, hana cha kuficha."

Tarehe 8 Oktoba 1966 alimwoa Thirza Rideout wa upande wa pili wa ghuba. Pete ya ndoa aliipeleka kwanza posta ikapimwe. Mama mkubwa Thirza amenipa ruhusa kusema alivyomjibu siku ile: "Pete umeipima. Basi nipime na mimi, ujue unachokibeba." Walijaliwa mtoto mmoja, Rowena, anayefanya kazi Alberta, na wajukuu wawili, Blaine na Kirsten. Waliishi miaka hamsini na mmoja katika nyumba ile ya manjano. Kila usiku Lester alifunga mlango, na kila usiku mama mkubwa alimsikia akirudi kuujaribu.

Sasa nifike kwenye bia, maana bila bia wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine.

Kiwanda kilipofungwa, Lester alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakuwa na cha kupima. Dukani kwa Effie Pardy yalikuwa yamefika makopo ya rojo la kimea la kutengenezea bia nyumbani, kila kopo na pakiti ya hamira chini ya kifuniko na karatasi ya maelekezo: yeyusha rojo kwa maji ya moto, tia kilo ya sukari, jaza maji baridi hadi lita ishirini na tatu, nyunyiza hamira, funika. Alinunua kopo moja. Alinunua pia kipimo cha kioo, kile kijiti kinachoelea. Penye sukari nyingi huelea juu. Hamira ikishaila sukari, huzama. Unasoma siku ya kwanza, unasoma siku ya mwisho, na tofauti hukwambia kileo ni kiasi gani. Mama mkubwa anasema Lester alipokiona kile kioo kikisimama wima ndani ya bia, uso wake ulirudi kuwa uso wa mtu mwenye kazi.

Bia ya kwanza ilikuwa ya kawaida, na kwa Lester kawaida ilikuwa dalili ya kuibiwa. Alitaka kali zaidi. Akaongeza sukari. Akaongeza molasi. Akajaribu zabibu kavu, akajaribu hamira ya mvinyo, na mwaka 1996 chupa kumi na moja zikapasuka chini ya ngazi wakati mama mkubwa akisali. Mwishowe akatulia kwenye makopo mawili ndani ya pipa moja, pamoja na kilo ya sukari. Kwa hesabu yoyote ile, hiyo ni bia ya kumlaza farasi. Lakini kipimo chake kilisema tano kwa mia. Kila pipa, tano kwa mia.

Hapo ndipo alipoanza kuwashuku watu. Alishuku makopo, akayapima: uzito ulikuwa kamili, na hilo likamtia shaka zaidi. Alishuku sukari ya Effie. Effie yuko hapa, anakumbuka. Alimwuliza mbele ya wateja, "Effie, sukari hii umeizoesha nini, mbona haina nguvu?" Effie akamwambia, "Lester, mwenye tatizo la nguvu hapa si sukari." Aliwaandikia wenye kiwanda cha makopo. Wakamjibu kwa adabu na kumletea makopo mawili ya bure. Hakuyagusa mwaka mzima. Alitaka kujua kwa nini wamempa.

Na ushahidi ulikuwa unapita mbele ya macho yake. Mchungaji Pennell alikunywa glasi mbili nyumbani kwake, akasimama kuaga, akaibariki stovu. Lester akasema ni tumbo tupu. Yeye mwenyewe akinywa mbili, sakafu ya jikoni ilimyumbisha, akachukua pimamaji na kuitengeneza sakafu. Aliitengeneza mara mbili. Alimshuku kila mtu na kila kitu isipokuwa kioo chake.

Hapa lazima niseme habari za baba yangu, kwa maana marehemu aliniagiza niseme.

Oktoba 1983 Hedley alipindua lori barabarani akiwa amelewa ramu. Hakuna aliyekufa. Februari 1984 bibi Selina, akiwa kitandani na siku chache za kuishi, alimshika mkono akamwapisha kwamba ramu haitaingia tena kinywani mwake wala nyumbani mwake. Bia hakuitaja, bia kwa bibi ilikuwa chakula. Hedley aliapa, na Lester alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, akisikia. Baada ya mazishi waligawana vitu. Lester alichukua saa ya ukutani. Hedley aliomba mwiko.

Makopo yalipoingia kijijini, Hedley naye alianza kutengeneza, na akakoroga kwa mwiko ule wa mama yao. Lester alimkanya. "Mbao inaficha wadudu. Soma karatasi. Usafi kwanza." Hedley akamwambia, "Kaka, mwiko huu umetulea. Kama una wadudu, basi ni ndugu zetu." Lester hakuwa na mwiko wala hakutaka. Alimimina maji baridi kutoka juu, akaamini yanajichanganya yenyewe.

Mnajua desturi yetu ya Krismasi ya Kale. Tarehe 6 Januari, mchana, kila mtengenezaji hupeleka chupa zake ukumbi wa kanisa, na shingoni mwa chupa hufunga karatasi yenye vipimo alivyovisoma mwenyewe. Hakuna mkaguzi. Neno la mtu linatosha. Mwenye bia kali kuliko wote ndiye anayekata keki ya matunda.

Mwaka 2001 karatasi ya Lester ilisema tano. Ya Hedley ilisema tisa. Walinunua makopo siku moja, kwa Effie, kutoka boksi moja. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nilikuwa nagawa biskuti za molasi, kwa hiyo niliyasikia yote.

Lester alifungua chupa ya mdogo wake, akanusa, akanusa tena. "Hedley. Umeongeza kitu."

"Makopo mawili na kilo ya sukari, kaka. Kama zako."

"Zangu ni tano."

"Basi labda zako zina haya. Zizungumzishe."

Watu wakacheka. Lester hakucheka. "Nimepima samaki miaka ishirini na tisa. Najua kitu kilichoongezwa kitu. Hii ni ramu."

Kila mtu pale alijua habari za kiapo. Baba yangu alisema kwa sauti ndogo, "Sema neno lingine, Lester. Neno lolote, lakini si hilo."

"Ni ramu," akasema Lester. "Na mama alikusikia ukiapa. Na mimi nilikusikia."

Kamati iliondoa chupa za Hedley mezani. Walioziondoa ni wanne. Wawili wametangulia, wawili wamo humu, sitawataja. Keki ilikatwa na mchungaji. Baba alivaa koti, akatoka, na hajaingia ukumbi ule tena hadi leo.

Na sisi wengine tulifanya nini? Tulinusa. Mama yangu Ivy alifungua makabati akidai anatafuta chumvi. Mzee mmoja alimsogelea baba kila Jumapili kumsalimia kwa karibu kuliko salamu inavyohitaji. Na mimi, jioni moja, baba akiwa nje anapasua kuni, nilichukua koti lake ukutani nikaingiza pua mfukoni. Lilinuka samaki na mafuta ya msumeno. Nilipogeuka, alikuwa mlangoni amekumbatia kuni. Aliziweka kuni chini moja moja.

Mwezi Oktoba 2017 madaktari walimwambia Lester ana saratani ya kongosho. Alitaka kuona picha mwenyewe, kisha akataka kuona picha za mtu mwingine alinganishe. Alirudi nyumbani, akatandikiwa kitanda jikoni karibu na dirisha, na mwishoni mwa Januari mwaka huu akamwomba mama mkubwa amtengenezee pipa la mwisho, kwa kuwa hakuweza tena kuinua hata kopo. Alitoa amri akiwa amelala. Mama mkubwa alimimina rojo, sukari, maji ya moto, maji baridi. Akamletea bia kidogo ndani ya chombo kirefu pamoja na kioo.

Lester alitazama. Akafuta miwani. "Thirza, umeongeza nini?"

"Sijaongeza kitu."

"Hii inasoma kama ya tisa. Umeongeza nini?"

"Nimesema sijaongeza. Nimekoroga tu."

"Umekoroga na nini?"

"Na mwiko wa uji. Rojo lote limelala chini kama paka, ningeliacha? Kila kitu duniani hukorogwa, Lester. Hata wewe nimekukoroga miaka hamsini."

Alimwagiza amimine pipa la pili, makopo mawili mengine, bila kukoroga, kama alivyokuwa akifanya yeye. Akapimisha maji ya juu: ya tano. Akasema, "Sasa koroga." Akapimisha tena: ya tisa. Alirudia kwa pipa la tatu. Kwa hiyo miaka ile yote, katika kipimo cha siku ya kwanza, kioo kilikuwa kikielea katika maji mepesi ya juu, rojo likiwa limezama chini, na bia yake ilikuwa na nguvu sawasawa na ya mdogo wake, aliyekoroga. Mama mkubwa anasema baada ya kipimo cha mwisho Lester aligeukia dirisha na hakula siku ile. Kutoka dirisha lile unaiona nyumba yetu na moshi wake.

Jumapili tarehe 11 Februari, baada ya ibada, aliniita. Nilikwenda nikimshuku. Nilifikiri anataka kumsema baba kwa mara ya mwisho.

"Dorcas," akasema, "wasifu wangu utausoma wewe. Rowena atalia. Mchungaji atanipamba. Wewe hutanihurumia."

"Kwa nini nisome mimi, baba mkubwa?"

Akanieleza yote niliyowaeleza. Kisha akasema, "Andika: Hedley hakutia ramu. Andika: Lester alipima vibaya."

Nilikasirika. Nilimwambia, "Mwambie mwenyewe. Nyumba ile pale. Nitakwenda kumwita sasa hivi, atafika kabla chai haijapoa."

"Nikimwambia humu ndani, atasema ni dawa zinazosema. Na hata akiniamini, atakuwa ameniamini yeye peke yake. Mimi nilimtia doa mbele ya watu. Nataka lisafishwe mbele ya watu wale wale."

"Watasema nimelitunga. Mimi ni binti yake."

"Watakushuku, ndiyo. Mimi ndiye niliyewafundisha." Akatoa daftari lake la vipimo chini ya mto. "Ndiyo maana yote nimeandika na kusaini, na Thirza amesaini, na Pennell amesaini. Alisaini kabla ya glasi."

Nililifungua daftari nyumbani, na humo nikakuta jambo jingine. Februari 2009 alikuwa ameburuta pipa jipya, kabla ya kulipima, kwenye kigari cha theluji, kutoka kibandani hadi jikoni, kwenye njia ya mashimo. Pipa lilitikisika njia nzima. Ukurasa wa siku ile unasema: *Tisa. Je, kosa ni langu?* Na maneno hayo yamekatwa kwa mstari wa kalamu, kwa nguvu hadi karatasi imechanika.

Nilirudi kesho yake nikamwekea daftari kifuani, wazi kwenye ukurasa ule. "Ulijua."

"Nilishuku," akasema. "Mara moja."

"Kwa nini ulifuta?"

Alipitisha kidole juu ya mstari ule. "Ilikuwa imeshapita miaka minane, Dorcas. Ningeanzia wapi? Kila mwaka nilioongeza ulikuwa mzito kuliko uliotangulia." Kisha akanisukumia daftari. "Hilo nalo lisome."

Nimelisoma.

Aliniapisha nisimwambie baba kabla ya leo, na nimenyamaza wiki nne katika nyumba moja na baba yangu, nikila naye supu ya njegere, naye akinitazama kama anayejua kuna kitu mfukoni mwangu. Nisamehe, baba. Mara hii ulikuwa na haki ya kushuku.

Lester Cluett alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 6 Machi 2018, saa nne asubuhi, siku nane kabla ya kutimiza miaka sabini na mitano. Mama mkubwa Thirza alikuwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama mlango umefungwa, na mama mkubwa alimjibu kwamba uko wazi, na uko wazi kwa makusudi.

Pipa la mwisho liko kwenye chupa. Chupa ziko ukumbini, na shingoni mwa kila moja kuna karatasi yenye mwandiko wake uliotetemeka: *Tisa. Imekorogwa.* Ipo pia keki ya matunda, aliyoiagiza yeye. Amekataza isikatwe na mchungaji wala na mjane. Baba, umekaa benchi la nyuma karibu na mlango, koti hujalivua. Kisu kinakusubiri. Chakula nacho kipo, nyama ya chumvi na kabichi, na watu wale wale. Usipotaka kuja, hakuna atakayekulaumu. Keki itabaki nzima.

Marehemu ameacha mke, Thirza, binti, Rowena, na mumewe, wajukuu, Blaine na Kirsten, shemeji, Ivy, mtoto wa mdogo wake, Dorcas, na mdogo wake wa pekee, Hedley Cluett, aliyeapa kwa mama yake Februari 1984, na hakuvunja kiapo.

Mungu amlaze mahali pasipo na mizani. Pumzika, baba mkubwa. Hakuna aliyeongeza kitu.